Baba yupo hai, nianzeje kumwuliza habari za wosia?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni kifungua mimba katika watoto wanne, nimeolewa, naishi Kimara, Dar es Salaam. Baba ana miaka 77, ni mwalimu mstaafu, yuko Muleba na mama. Mwaka jana alipata kiharusi. Anatembea na mkongojo lakini akili iko sawa kabisa. Kuna kibanja cha ukoo (shamba la migomba lenye makazi), kuna shamba alilonunua mwenyewe, kuna nyumba niliyowajengea mimi ndani ya kibanja, na kiwanja Bukoba mjini ambacho sijui karatasi zake ziko wapi. Mdogo wetu wa mwisho ndiye anayeishi nao. Anayenifuata yuko Mwanza, na kwa kuwa ndiye mwanaume wa kwanza anajihesabu kuwa musika, yaani mrithi mkuu kwa mila zetu za Kihaya. Halafu kuna maneno ya chini chini kwamba baba ana mtoto Biharamulo, alikowahi kufundisha. Kila nikitaka kumgusia baba habari za wosia naogopa ataona namtakia kifo, na wadogo zangu watasema binti aliyeolewa anafuata nini kwao. Nianzeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na usione aibu kwa kuuliza. Umeuliza uanzeje, mimi nitatangulia na uanze na nini, maana hapo ndipo familia nyingi zinapoharibu.

Wengi huanza na mgawanyo. Wanakwenda kwa mzee na swali la nani apate kibanja, nani apate kiwanja. Mzee akisikia habari ya kugawana anaelewa kwamba mmeshamzika, bado udongo tu. Hata ningekuwa mimi ningewafukuza. Mgawanyo ni neno la mwisho, tena ni la kwake yeye, si lako. Wewe anza na mama yako.

Sababu si ya kutafuta huruma. Ni ya kisheria. Kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata upande wa baba (Tangazo la Serikali namba 436) zinasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Soma hapo mara mbili. Mama yako, aliyepalilia hicho kibanja tangu ameolewa, kwa kanuni hiyo anabaki mgeni wa hisani ya wanawe. Kanuni hizo hizo zinawaweka watoto kwa madaraja: mwanaume wa kwanza daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, na ninyi mabinti la tatu. Zimepigwa vita sana. Wajane wawili wa Shinyanga waliotolewa majumbani na ndugu wa waume zao walifika hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao. Lakini usimwachie mama yako kesi ya kwenda kushinda akiwa amevaa nguo za msiba. Baba yupo, anaweza kulimaliza kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa baba liwe hili: "Baba, Mungu akikutanguliza wewe, mama atakaa wapi, atakula nini, na nani hataruhusiwa kumgusa?" Sijamwona mzee anayekasirishwa na swali hilo. Wengine hunyamaza kidogo, kisha wanaanza kusema wenyewe mambo ambayo watoto hawakuwahi kuyasikia.

Sasa namna ya kufika kwenye swali hilo. Kwanza, wapigie wadogo zako wote watatu kabla hujapanda basi. Waambie kwa maneno machache kwamba unakwenda kumwomba baba aweke mambo ya mama sawa, na kwamba hakuna kitakachoandikwa bila wao kujua. Ukienda kimya kimya, hata kama nia yako ni safi kama maji ya Nyanza alfajiri, yule wa Mwanza atasema umemzunguka. Usilipeleke jambo hili kwenye kundi la WhatsApp la familia. Humo mtu anajibu akiwa foleni ya benki, shemeji anasoma, na neno likishatumwa haliombewi radhi. Na usisubiri Desemba watu wote wamejaa, lubisi, pombe ya ndizi, imezunguka, wajukuu wanakimbia uani. Mkusanyiko wa Krismasi ni wa kutangaza kilichokwisha kukubaliwa, si wa kuanzisha. Nenda mwezi wa kawaida, kaa siku mbili tatu, na useme asubuhi baada ya chai, mama akiwa hapo hapo.

Njia ninayoipendelea ni ya kuomba ushauri. Wewe mwenyewe una watoto na pengine una kiwanja huko Kimara. Andika wosia wako kwanza, kweli, si wa kuigiza. Kisha mwambie: "Baba, nimeandika wosia wangu, nimekwama mahali. Wewe ungekuwa mimi ungemweka nani awe msimamizi?" Mwalimu haachi kusahihisha. Atakuuliza umeandika nini, atakosoa, na akishamaliza kukosoa wa kwako unamwuliza wa kwake uko wapi. Hapo aliyeanza habari za kifo ni wewe, tena kifo chako.

Hilo la binti aliyeolewa litasemwa, kwa hiyo jiandae nalo. Usilijibu mwenyewe. Mtafute shangazi yako mmoja anayeheshimiwa au baba mdogo asiye na maslahi na kibanja, akae kwenye mazungumzo. Neno "huyu ni damu yetu, acha aulize" likitoka kwa shangazi linamaliza ubishi ambao ukijibu wewe utachukua wiki. Na mdogo wako wa Mwanza, akikazana sana, mkumbushe kwamba kesi maarufu kuliko zote nchini kuhusu ardhi ya ukoo na mwanamke ilianzia wilayani kwenu. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshitaki Mahakama ya Mwanzo, akashinda kwa hoja kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Suala likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila inayomnyima mwanamke haki anayopewa mwanaume inagongana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Angalia vizuri kilichompa Holaria pa kusimama: baba yake alikuwa ameandika.

Baada ya mama, karatasi. Hapa ndipo utafanya kazi kubwa kuliko zote, na ndipo hakuna anayegombana. Wazee wetu wana lile sanduku la bati chini ya kitanda, ndani yake mna risiti za kahawa za chama cha ushirika, barua ya ajira, cheti cha ndoa cha kanisani, na makubaliano ya kuuziana shamba yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la mistari na mashahidi ambao nusu yao wameshakufa. Mwombe baba mfungue pamoja. Chukua daftari jipya, yeye aseme wewe uandike: shamba lilinunuliwa kwa nani na lini, mipaka ni ipi, majirani wa mpakani ni nani, anadaiwa na nani, yeye anamdai nani, ng'ombe gani kampa mtu amfugie, akaunti ziko benki gani, laini ya simu yenye pesa imesajiliwa kwa jina la nani. Piga picha kila karatasi. Hicho kiwanja cha Bukoba mjini kitajitokeza hapo, au mtajua kwamba alichonacho ni barua tu na hati haijawahi kufuatiliwa.

Angalia majina kwa jicho kali. Tuseme mzee anaitwa Deogratias kwenye barua ya ajira, Deo kwenye kadi ya benki, na kwenye karatasi ya kiwanja wameandika jina la Kihaya analoitwa nyumbani. Leo anakwenda mwenyewe kwa wakili au hakimu, anakula kiapo kwamba majina hayo matatu ni ya mtu mmoja, inaisha. Akishafariki, mtu wa benki atawaambia marehemu wa kwenye cheti cha kifo siye mwenye akaunti, na mtaanza safari. Kagua pia kwamba mfuko wa pensheni una jina sahihi la mama na cheti cha ndoa, maana mafao ya wategemezi yana utaratibu wake wenyewe na hayafuati wosia.

Nije kwenye nyumba. Hapa nitakuambia jambo usilolipenda. Nyumba uliyowajengea wazazi ndani ya kibanja, na bati zake za msauzi na marumaru zake, si yako. Kwa kawaida kilichojengwa juu ya ardhi kinafuata ardhi, na ardhi si yako. Baba akifariki bila maandishi, itaingia kwenye mirathi na atakayepata kibanja atakuwa ameipata nayo. Jiulize kwa uaminifu kabla hujaenda: ulijenga kama zawadi au kama akiba? Kama ni zawadi, iseme hivyo mbele ya wadogo zako, uachane nayo, na utaona jinsi neno hilo litakavyokupa uzito katika mengine yote. Kama unataka uwe na chumba cha kufikia maisha yako yote, au mama asitolewe humo kamwe, hilo nalo ni sawa kabisa, ila lazima baba aliandike. Nimeona madada wakinyamaza miaka kumi kisha wanadai gharama za saruji siku ya arobaini. Hakuna hakimu wala ndugu anayewasikiliza vizuri siku hiyo.

Kibanja na shamba la kununua visichanganywe. Shamba ni jasho lake, ana uhuru nalo mkubwa. Kibanja cha ukoo kina makaburi ya babu zenu, na ukoo watataka sauti, hivyo mshirikishe mzee wa ukoo mapema. Katika vyote viwili kuna njia rahisi kuliko wosia, na watu huisahau: kufanya sasa hivi. Kwa ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji inaweza kutoa hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na inaweza kuandikwa majina mawili, la baba na la mama. Kiwanja cha mjini vilevile. Jina la mama likishakuwemo kwenye hati, sehemu yake haisubiri huruma ya mtu.

Kuhusu mdogo wenu wa mwisho na yule anayejihesabu musika, mimi ningekuwa upande wa anayewauguza wazazi, lakini maoni yangu hayana kazi. Neno la baba ndilo lenye kazi. Anayeogopa zaidi hapo ni huyo wa mwisho: anapalilia migomba ambayo anajua kaka anaweza kuja kuitwaa siku ya kuanua matanga. Kama baba anataka abaki, amkatie sehemu yake akiwa hai, mipaka ipandwe mbele ya majirani na mwenyekiti wa kitongoji, iandikwe, na wa Mwanza awepo. Kusikia uamuzi mchungu kutoka kinywani mwa baba aliye hai ni tofauti kabisa na kuusikia ukisomwa na wakili.

Mtoto wa Biharamulo. Usilitaje mbele ya mama, na usilitaje wewe. Hilo ni la baba mdogo au mchungaji wake, wawili tu, bila shahidi. Lakini lisiachwe. Mahali linapolipuka ni msibani, pale mtu anaposimama kusoma wasifu wa marehemu, anafika "ameacha mjane na watoto wanne", na kuna kijana amekaa nyuma ya turubai na uso wa baba yenu. Mila za 1963 zilikuwa zikimnyima mtoto wa nje ya ndoa urithi wa baba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto na kumnyima kunufaika na mali ya mzazi wake. Huyu wa kwenu sasa ni mtu mzima, kwa hiyo hoja zitakuwa nyingi, na kesi ya namna hiyo inakula miaka na inakula kiwanja. Ikiwa baba anamtambua, amtaje kwenye wosia na amwachie kitu. Hata kidogo kilichotajwa kinazima moto kuliko kimya.

Sasa maandishi yenyewe, maana mazungumzo mazuri bila wosia ni hadithi. Uandikwe kwa wino au uchapwe, usiandikwe kwa penseli, uwe na tarehe, useme anayeandika ana akili timamu na hajalazimishwa. Kwa kanuni za kimila, mwenye kujua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili nao wawe wanajua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua, wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Mke aliyepo nyumbani siku hiyo naye ashuhudie. Anayerithi asiwe shahidi, hivyo wewe na wadogo zako kaeni mbali na kalamu. Kwa kuwa baba amepata kiharusi, mfanyie mambo mawili ya ziada: apate karatasi ya daktari ya siku za karibu inayosema akili yake ni timamu, na kama mkono unatetemeka hawezi kusaini, aweke dole gumba na mashahidi wawe wanne. Anayetaka kuupinga baadaye ataanzia hapo hapo kwenye kiharusi. Kama anataka kumnyima mtoto yeyote kabisa, amwone wakili kwanza: mila zinakubali kwa makosa mazito tu, kama kutaka kumwua mzazi au kumtelekeza katika njaa na ugonjwa, na sababu lazima iandikwe.

Mweleze pia kile ambacho wazee wengi wanakihofia lakini hawakisemi. Wanadhani wakisaini wamevuliwa mamlaka. Si kweli. Wosia haufanyi kazi hadi afe. Kesho anaweza kuuza shamba lile lile, keshokutwa akaufuta na kuandika mwingine. Ukiisha, unaweza kutunzwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, au kwa wakili au kanisani. Usikae kwenye sanduku la bati peke yake.

Asipoandika, mtafuata njia ya kawaida: kikao cha ukoo, muhtasari, kisha mahakamani. Ndugu wengi wanaamini kikao ndicho kinachomteua msimamizi. Kikao kinapendekeza tu. Anayeteua ni mahakama, na msimamizi si mrithi wala mwenye mali. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali na madeni yote, fomu namba tano. Tena mtabishana hata mahakama ya kwenda, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu, na ndugu mmoja atasema baba alikuwa Mkristo aliyeishi kisasa, mwingine atasema alikuwa Mhaya wa kibanjani. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi na alichokusudia. Baba yenu, mwalimu, Mlutheri au Mkatoliki, na kibanja chenye makaburi, angefaa pande zote mbili, na huo ndio ubaya wake. (Wasomaji Waislamu: kwenu mafungu yanajulikana, mke ana thumuni penye watoto, na wasia hauzidi thuluthi wala hapewi mrithi bila wenzake kuridhia. Mazungumzo kwenu yawe juu ya madeni, karatasi na msimamizi.)

Akikataa? Wapo wanaokataa kabisa. Usimbishie na usimtumie mchungaji kama askari. Chukua ulichopata: daftari, picha za karatasi, kiapo cha majina, jina la mama kwenye hati. Hizo ni robo tatu ya kazi na hakuna hata moja inayoitwa wosia. Rudi baada ya miezi kadhaa, uendeleze lile daftari.

Na kuna mtu ambaye katika swali lako hukumfikiria kama mwenye mali. Mama ana hisa za VICOBA, pengine ana ng'ombe wake, pengine ana eneo alilonunua kwa pesa ya senene na ndizi. Naye anaweza kuandika wosia wake, kwa masharti hayo hayo. Na kama ana kitabu cha SACCOS, kifungue ukurasa wa mbele, pale penye jina la mrithi alilojaza siku anajiunga. Mara nyingi ni la mama yake mzazi.